Pasi ya kulehemu: Jinsi ya kujitengenezea kidhibiti joto, na kwa nini regyuleta ya feni haitoshi

Kwenye vibanda vya mafundi wa simu na redio, kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi barabara ya Luthuli jijini Nairobi, kuna chombo kimoja kisichokosekana mezani: pasi ya kulehemu. Ni chuma chenye mpini kinachopashwa moto kwa umeme. Ncha yake huyeyusha lehemu, ule waya laini wa madini ambao wengi huuita risasi, ili kushikiza vipuri kwenye bodi ya saketi.

Pasi nyingi za bei nafuu zina upungufu mmoja: hazijui zina joto kiasi gani. Ukizichomeka kwenye soketi, zinapata moto mpaka pale joto linalopotea hewani linapolingana na umeme unaoingia. Hapo ndipo zinapotulia, na kiwango hicho mara nyingi hupita nyuzi 400 za Selsiasi.

Kwa kuunganisha waya mnene wa spika, hilo si tatizo kubwa. Kwa bodi ya simu ni hatari. Vijia vya shaba vilivyogandishwa juu ya bodi hubanduka vikizidishiwa moto, na vikishabanduka simu ya mteja inaweza isipone tena. Fundi hulipa kwa pesa yake au kwa jina lake.

Katika makala hii tunaeleza jinsi kidhibiti joto kinavyofanya kazi, na namna ya kujitengenezea kimoja kwa vipuri vinavyopatikana madukani na kwa chaja ya zamani ya kompyuta ya mkononi.

Joto kiasi gani linatosha?

Lehemu ya zamani, yenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, huyeyuka kwenye nyuzi 183. Hiyo ndiyo iliyozoeleka na mafundi wengi, kwa kuwa huyeyuka upesi na kung'aa ikipoa.

Lakini tangu Julai 1, 2006, Umoja wa Ulaya ulipoanza kuzuia risasi kwenye vifaa vingi vya elektroniki, viwanda vingi duniani vimehamia lehemu isiyo na risasi. Aina inayotumika sana ina bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba asilimia 0.5, nayo huyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220. Nyingine, ya bati na shaba peke yake, huyeyuka kwenye nyuzi 227.

Ncha ya pasi inapaswa kuwa na joto zaidi ya hapo, kwa sababu ikigusa shaba hupoa papo hapo. Kwa kazi za kawaida, nyuzi 320 hadi 370 zinatosha. Ikiwa chini ya hapo, lehemu inashika nusunusu na kiungo kinaachia baada ya wiki chache. Ikizidi sana, fluksi inaungua kabla haijasafisha shaba, ncha inakuwa nyeusi na kukataa kushika lehemu, na bodi inaanza kubabuka.

Kwa hiyo nafasi ya kufanyia kazi ni nyembamba, na pasi isiyodhibitiwa hupita juu yake bila kusimama.

Njia za mkato zinazojulikana

Mafundi wamekuwa wakipambana na jambo hili kwa miaka mingi, na njia zao zina akili ndani yake.

Ya kwanza ni kuunganisha balbu ya zamani, ile ya waya unaowaka, kwa mfuatano na pasi. Balbu inakula sehemu ya umeme, pasi inapata uliobaki.

Ya pili ni dayodi. Umeme wa gridi katika Afrika Mashariki hubadili mwelekeo mara 50 kwenda na kurudi kila sekunde. Dayodi kama 1N4007 huruhusu mwelekeo mmoja tu, hivyo pasi hupata takriban nusu ya nguvu: ya wati 60 inakuwa kama ya wati 30. Ukiweka swichi ya kuiruka dayodi, unapata hali mbili: moto wa kazi, na moto wa kupumzika pasi inapokaa kwenye kishikio.

Ya tatu ndiyo maarufu zaidi: regyuleta ya feni, au swichi ya kupunguzia mwanga wa taa. Nyingi kati ya zile za kisasa zina kipuri kiitwacho triaki, kama vile BT136. Triaki hukata sehemu ya kila wimbi la umeme, na ukizungusha kitufe unachagua sehemu ya kukata. Pasi inapungua moto polepole, bila kuruka kutoka hali moja hadi nyingine.

Njia hizi zote zinapunguza moto. Lakini hakuna hata moja inayodhibiti joto.

Kupunguza umeme si kudhibiti joto

Mfikirie mpishi wa chapati. Kikaango kikizidi moto, chapati inaungua. Mpishi mmoja anatoa makaa machache jikoni asubuhi, kisha hatazami tena. Mwingine anatazama kila chapati inavyobadilika rangi, anasogeza makaa, anaongeza, anapunguza. Regyuleta ni yule mpishi wa kwanza.

Ukiipunguza pasi kwa regyuleta mpaka ncha itulie kwenye nyuzi 350, itakuwa na joto zuri ikiwa imekaa tu. Ukiigusisha kwenye kipande kikubwa cha shaba, kama ule upande wa bodi uliounganishwa na hasi, joto linanyonywa haraka. Pasi imebakiwa na wati chache, haiwezi kulirudisha. Lehemu inaganda njiani, fundi anakandamiza, anakawia, na kukawia huko ndiko kunakobandua shaba. Akiongeza regyuleta, kazi inayofuata, yenye mguu mdogo, inapata moto wa kupita kiasi.

Kuna sababu nyingine, nayo wakazi wa maeneo mengi ya kwetu wanaijua vizuri: umeme hautulii. Nguvu ya pasi hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Pasi ya wati 60 kwa volti 230 inabaki na takriban wati 41 volti zikishuka hadi 190 jioni watu wakiwa wanapika na kutazama televisheni. Zikipanda hadi 250 usiku wa manane, inafika takriban wati 71. Kitufe cha regyuleta hakijaguswa, lakini joto limebadilika.

Kidhibiti cha kweli hufanya kazi ya yule mpishi wa pili. Kinapima joto, kinalilinganisha na lile ulilolitaka, kisha kinawasha au kuzima umeme. Kinaanza upya mara nyingi kwa dakika. Pasi inabaki na nguvu zake zote, ila inazitumia pale tu zinapohitajika.

Pasi inajuaje joto lake?

Kampuni ya Weller ya Marekani ilitumia mbinu ya sumaku. Nyuma ya ncha kuna kipande cha chuma kinachopoteza tabia yake ya kuvutwa na sumaku kikifika joto fulani. Kikifika hapo, sumaku inaachia na swichi inakata umeme. Kikipoa, inavutwa tena. Namba iliyogongwa kwenye ncha huonyesha joto: namba 7 ni nyuzi 700 za Fahrenheit, sawa na takriban 370 za Selsiasi. Ukitaka joto jingine, unabadilisha ncha.

Njia iliyoenea zaidi leo inatokana na jambo lililoonwa na Thomas Johann Seebeck mwaka 1821. Ukiunganisha nyaya za metali mbili tofauti na kupasha moto kiungo chao, unapata athari ya umeme inayotegemea tofauti ya joto kati ya kiungo na ncha nyingine za nyaya. Kipimo kinachotumia jambo hilo huitwa themokapo.

Themokapo ya aina ya K, ambayo ni ya kawaida sana, hutoa takriban maikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja. Pasi ikiwa na nyuzi 350 na chumba kikiwa na nyuzi 25, tunapata kama milivolti 13.3. Betri ya saa ya ukutani ina volti 1.5, yaani zaidi ya mara mia ya hizo. Kazi yetu ya kwanza, basi, ni kuikuza sauti hiyo ndogo mpaka isikike.

Unachohitaji

Tumechagua muundo usiogusa umeme wa gridi moja kwa moja. Kila kitu kinatumia volti 19 za chaja ya kompyuta ya mkononi, na hilo ndilo linaloufanya ufae kwa mtu anayejifunza.

• Chaja ya volti 19 na ampia 3.42, au zaidi.
• Mpini wa pasi wa volti 24 wenye nyaya tano: mbili za hita, mbili za kipimo, moja ya erthi. Huuzwa kama mpini wa akiba wa stesheni za kulehemu.
• Chipu ya LM358, yenye amplifaya mbili ndani.
• Mosfeti ya IRFZ44N, ambayo ndiyo swichi ya hita.
• Chipu ya 7812, ya kushusha volti 19 kuwa 12.
• Potensiometa ya kiloomu 10 ya aina ya B, yaani ile inayobadilika kwa usawa.
• Rezista: kiloomu 200, 39, 10, 5.6, 2.2 na 1, omu 220, megaomu 4.7 na megaomu 1.
• Kapasita tatu: moja ya maikrofaradi 0.33 na mbili za 0.1.
• Taa ndogo ya LED, fyuzi ya ampia 3, na kisanduku.

Kabla ya kununua mpini, upime kwa mita. Hita ya wati 50 kwa volti 24 ina takriban omu 11.5. Kwa volti 19 itavuta kama ampia 1.65 na kutoa wati 31, nguvu inayotosha kwa bodi za simu na redio. Baadhi ya hita za kauri husoma omu 3 tu zikiwa baridi. Hizo zitavuta zaidi ya ampia 6 mwanzoni na chaja itajizima.

Pima pia nyaya za kipimo. Themokapo husoma omu chache tu. Ukiona kama omu 50, hiyo si themokapo bali rezista inayobadilika kwa joto, na saketi yetu haiifai. Vilevile haifai ncha za aina ya T12, ambazo kipimo na hita zimefungwa kwa mfuatano kwenye nyaya zilezile.

Kuunganisha, hatua kwa hatua

*Umeme.* Chanya ya chaja inapita kwenye fyuzi, kisha inagawanyika: njia moja kwenda kwenye hita, nyingine kwenye 7812. Weka kapasita ya 0.33 kwenye mlango wa kuingilia wa 7812 na moja ya 0.1 kwenye mlango wa kutokea, zote zikienda hasi. Volti 12 zinazotoka zinalisha mguu wa 8 wa LM358. Mguu wa 4 unakwenda hasi.

*Kukuza ishara.* Waya chanya wa themokapo unaingia mguu wa 3. Waya wake hasi unakwenda hasi. Rezista ya kiloomu 200 inaunganisha mguu wa 1 na wa 2, na ile ya kiloomu 1 inatoka mguu wa 2 kwenda hasi. Sambamba na ile ya 200, weka kapasita ya 0.1 iliyobaki ili kunyamazisha mvumo wa umeme. Sasa milivolti 13.3 zimezidishwa mara 201 na kuwa takriban volti 2.7.

*Kuchagua joto.* Kutoka volti 12, weka rezista ya kiloomu 39, kisha potensiometa, kisha rezista ya kiloomu 5.6 hadi hasi. Mguu wa kati wa potensiometa unakwenda mguu wa 5 wa LM358. Kitufe sasa kinachagua kati ya volti 1.2 na 3.4, sawa na joto la nyuzi 175 hadi 440 hivi.

*Kulinganisha.* Unganisha mguu wa 1 na mguu wa 6. Joto likiwa chini ya ulilochagua, mguu wa 7 unapanda hadi kama volti 10.5, likifika, unashuka. Rezista ya megaomu 4.7 kutoka mguu wa 7 kurudi mguu wa 5 inaacha mwanya wa nyuzi 2 hivi kati ya kuwasha na kuzima, ili swichi isitetemeke.

*Swichi.* Mguu wa 7 unapita kwenye rezista ya omu 220 hadi kwenye geti ya mosfeti. Rezista ya kiloomu 10 kutoka geti hadi hasi inahakikisha kuwa mosfeti inakaa imezimwa pasipo na amri. Ukiitazama IRFZ44N upande wenye maandishi, miguu ikiwa chini, miguu yake kutoka kushoto ni geti, dreni na sosi. Sosi inakwenda hasi, dreni inakwenda kwenye hita, na upande wa pili wa hita unakwenda kwenye chanya ya volti 19. LED na rezista yake ya kiloomu 2.2 zinafungwa sambamba na hita, ili uone inapowaka.

Kwa nini tumeshusha volti kuwa 12? Geti ya mosfeti hii haivumilii zaidi ya volti 20, na chaja mbovu inaweza kupita hapo. Tena, themokapo inahitaji jirani mtulivu. Volti 19 zinayumba kila hita inapowaka.

Mambo matatu yanayoharibu kazi

La kwanza ni kugeuza nyaya za themokapo. Zikigeuzwa, pasi ikizidi kupata moto kidhibiti kinaona inazidi kupoa, na hita haitazimwa mpaka iungue. Kabla ya kuunganisha hita, washa saketi, pasha ncha kwa kiberiti cha gesi, na upime volti kwenye mguu wa 1. Zikipanda, umefunga sawa. Zisipopanda, geuza nyaya.

La pili ni waya wa themokapo kukatika, jambo la kawaida kwa mpini unaokunjwa kila siku. Hapo kidhibiti hakisikii kitu, na kinaweza kudhani pasi ni baridi. Dawa yake ni ile rezista ya megaomu 1: ifunge kati ya volti 12 na mguu wa 3. Themokapo ikiwa nzima, rezista hiyo haina athari ya kuonekana. Ikikatika, mguu wa 3 unavutwa juu, kidhibiti kinaona moto mkali mno na kuzima hita. Rezista moja inakuokolea mpini, na pengine meza.

La tatu linawasumbua hata wenye uzoefu: njia ya hasi. Hita inavuta ampia 1.65. Ikipita kwenye waya wenye ukinzani wa omu 0.01 tu, inaacha milivolti 16.5 kwenye waya huo. Themokapo nzima inatoa 13.3! Ikiwa hasi ya themokapo imefungwa kwenye waya huohuo, kidhibiti kitadanganyika kwa mamia ya nyuzi kila hita inapowaka. Kwa hiyo waya hasi wa hita uende peke yake moja kwa moja mpaka kwenye chaja, na hasi za themokapo, rezista ya kiloomu 1, potensiometa na mguu wa 4 zikutane sehemu moja karibu na LM358. Sehemu hizo mbili ziungane mara moja tu, pale chaja inapoingia.

Kuweka alama kwenye kitufe

Usiandike namba zozote kwenye kisanduku kwa kutegemea hesabu peke yake. LM358 ni chipu ya bei rahisi na ina kosa dogo la kuzaliwa nalo, kwa kawaida kama milivolti 2. Kwa saketi yetu hizo ni sawa na karibu nyuzi 50. Habari njema ni kwamba kosa hilo halibadilikibadiliki sana kwa chipu ileile. Ukilipima mara moja, umelimaliza.

Huhitaji kipimo cha gharama. Lehemu yenyewe ni kipimajoto. Anza na kitufe kikiwa chini kabisa, gusisha waya wa lehemu ya 63/37 kwenye ncha, kisha pandisha polepole, ukisubiri kila mara pasi itulie. Pale inapoanza kuyeyuka, weka alama: 183. Rudia kwa lehemu ya bati na shaba: 227. Ikiwa lehemu ya kwanza inayeyuka hata kitufe kikiwa mwisho wa chini, badilisha rezista ya kiloomu 5.6 uweke ya 3.3.

Kati ya alama hizo mbili kuna nyuzi 44. Kwa kuwa themokapo ya aina ya K inapanda karibu kwa mstari ulionyooka, hatua nyingine zilezile kwenye kitufe zitakupa 271, 315 na 359. Kosa dogo mwanzoni hukua unavyosogea juu, hivyo ukipata fundi mwenye kipimajoto cha ncha, hakiki alama ya mwisho.

Kumbuka pia kwamba kwenye mipini mingi ya bei nafuu themokapo imekaa karibu na hita, si kwenye ncha yenyewe. Kipimo chetu kwa lehemu kinafidia tofauti hiyo pasi ikiwa imetulia. Wakati wa kazi nzito, ncha bado itapoa kidogo kabla hita haijapata habari.

Vipi kuhusu njia ya kidijitali?

Wanaojua kuandika programu wanaweza kuweka Arduino badala ya LM358. Chipu ya MAX6675 husoma themokapo ya aina ya K yenyewe, inafidia joto la chumba, na inatoa kipimo chenye hatua za robo ya nyuzi. Unaweza kuongeza kioo cha kuonyesha joto, na kuifanya pasi ipunguze moto ikisahauliwa.

Hapo unaweza pia kuacha utaratibu wa washa-zima na kutumia ule unaozingatia ukubwa wa kosa, muda ambao limedumu na kasi linavyobadilika. Nicolas Minorsky aliuchambua mwaka 1922 akitafuta namna ya kuongoza meli bila mkono wa nahodha. Kwa pasi ndogo, hata hivyo, washa-zima inatosha kwa kazi nyingi.

Tahadhari moja: Arduino hutoa volti 5, na IRFZ44N haifunguki kikamilifu kwa volti hizo, hivyo inaweza kupata moto. Tumia IRLZ44N, ambayo imetengenezwa kwa volti za chini.

Usalama kwanza

Tunarudia: regyuleta, dayodi na balbu zote zinakaa kwenye volti 230 hadi 240, na kosa moja linaweza kuua. Kama hujazoea kazi za umeme wa nyumba, usizijaribu. Muundo wa volti 19 unakuweka mbali na hatari hiyo, mradi tu chaja ni nzima na haijafunguliwa.

Chaja nyingi za pini mbili huacha umeme mdogo sana ukielea kwenye nyaya zake za kutokea. Hauumi mtu, lakini unaweza kuharibu chipu za simu. Tafuta chaja ya pini tatu, na uhakikishe kwa mita kwamba pini ya erthi imeungana na hasi ya kutokea. Kisha unganisha waya wa erthi wa mpini hapo. Soketi ya ukutani nayo iwe na erthi ya kweli, si tundu tupu. Na kifaa unachokitengeneza kiwe kimechomolewa kwenye umeme.

Fanya kazi mahali penye hewa. Moshi unaouona unatoka zaidi kwenye fluksi, na unaweza kuchochea pumu. Pasi yenye joto sahihi hutoa moshi mdogo kuliko iliyozidi. Risasi huingia mwilini zaidi kupitia mikono, hivyo nawa kwa sabuni kabla ya kula, na usiwaachie watoto mabaki ya lehemu.

Kinamfaa nani?

Anayelehemu waya mara moja kwa mwezi hahitaji kidhibiti. Pasi ya kawaida na mkono wa haraka vinatosha. Stesheni ya kununua nayo ina raha yake kwa mwenye uwezo, kwani inakuja ikiwa imepimwa na ina nguvu zaidi.

Lakini kwa kijana anayeanza ufundi wa simu, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, au fundi wa redio ambaye umeme wa mtaa wake unapanda na kushuka, saketi hii ina faida mbili. Inalinda bodi za wateja wake. Na siku ikiharibika, hatasubiri kipuri kutoka mbali, maana kila kilichomo ndani anakijua kwa jina na kazi yake.